Kamera ya kurekodia usaili wa muziki: ukifika Kariakoo usianze na 4K, anza na sauti

Kuna swali naulizwa sana na washikaji wanaoimba kwaya, wanaopiga gitaa na kinanda, na hata madogo wa singeli: "Kaka, nataka kurekodi video ya usaili, Kariakoo nichukue kamera gani?" Leo nalijibu kwa kirefu, maana jibu utakalopewa dukani na jibu litakalokusaidia mara nyingi ni vitu viwili tofauti.

Kwa wale waliobakiwa na dakika tano tu kafe, jibu fupi ni hili: NUNUA SAUTI KWANZA, PICHA BAADAYE. Wenye muda tuendelee.

USAILI SIKU HIZI UNATUMWA

Wengi wetu neno usaili tulilizoea kupitia Bongo Star Search kwenye TV miaka ile ya 2000. Foleni ndefu, namba kifuani, majaji mezani, unaimba wanakusikia laivu. Usaili wa aina hiyo haujafa, ila nafasi nyingi sasa zinaanza na video.

Mfano mzuri ni ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza. Mwaka 2020 walianzisha mitihani ya onyesho ambayo unajirekodi mwenyewe: vipande vinne, unapiga mfululizo bila kukata, unapakia video, mtahini anakusikiliza akiwa huko huko kwao. Vyuo vingi vya muziki vya Ulaya na Marekani navyo vinaomba video kwanza, wakikupenda ndio wanakuita.

Masharti yao yanafanana. Wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Uso na mikono vionekane. Hakuna kukata na kuunga, hakuna kupaka sauti madoido kwenye kompyuta. Wengine hawataki kabisa sauti iliyorekodiwa pembeni halafu ikabandikwa kwenye picha. Hilo la mwisho likumbuke, tutalirudia.

Kwa wanamuziki wetu habari ya mkupuo mmoja si ngeni. Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na enzi hizo hakukuwa na kukata na kuunga, ukikosea unaanza upya. Bendi zetu za dansi za miaka ya 1970 nazo zilikuwa zinaingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kupiga wimbo mzima kwa pamoja. Fundi mitambo alikuwa na kazi moja kubwa: maiki ikae wapi, na sauti iingie kwa kiasi gani. Wadau, kazi hiyo hiyo ndiyo imekuangukia wewe leo, na kifaa ulichoshika ndio studio yako.

KWA NINI KAMERA YA HARUSI HAITOSHI

Kuna dada mmoja wa kwaya maeneo ya Ilala, sauti yake ikipanda unasisimka. Aliomba nafasi ya kusoma uimbaji nje, akarekodiwa kwa simu kali ya kaka yake. Picha safi kama sinema. Lakini kila alipopandisha sauti, kwenye video sauti ilikuwa INASHUKA, halafu juu kabisa inapasuka kama redio mbovu. Alipotulia, feni ya darini ikawa inasikika kama helikopta. Akajibiwa asante, jaribu mwakani. Siwezi kusema ni video peke yake ndiyo iliyomwangusha, ila niliitazama mara tatu na dada niliyemsikia kanisani sikumsikia mle ndani.

Kilichotokea kina maelezo. Simu na kamera nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya MANENO, sio muziki. Ndani yake kuna mtambo unaojirekebisha sauti wenyewe. Mtu akinong'ona, mtambo unapandisha. Mtu akipaza, mtambo unabana. Kwa mahojiano ni sawa kabisa, kila neno linasikika. Kwa muziki ni msiba, maana tofauti ya pole na kali ndiyo muziki wenyewe. Majaji wanataka kusikia unavyoanza chini na kupanda taratibu, na mashine imeshalainisha yote yakawa usawa mmoja kama barabara ya lami.

Tatizo la pili ni kupasuka. Kila maiki na kila mashine ina kiwango chake cha mwisho. Sauti ikizidi hapo, inayozidi inakatwa kichwa, na ikishakatwa hairudi, hata umpelekee fundi wa studio gani. Ngoma, tarumbeta, spika ya singeli na mwimbaji wa kwaya mwenye kifua, wote wanafika huko haraka sana.

Tatizo la tatu ni usafishaji wa kelele. Simu nyingi za kisasa zinajaribu kufuta kelele za nyuma. Sasa mashine haijui kwamba ule mvumo mrefu wa kinanda au mtetemo wa ilimba sio kelele. Inaufuta kidogo kidogo, unabaki na muziki unaosikika kama uko chini ya maji.

Ndio maana nasema ile 4K iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi haikusaidii kitu hapa. Jaji akiona picha ya kawaida ya Full HD, yaani 1080, anaridhika. Akisikia sauti iliyopasuka, anafunga.

MAMBO MATANO YA KUULIZA DUKANI

1. NAWEZA KUZIMA ILE SAUTI YA KUJIREKEBISHA? Hili ni swali namba moja. Ingia kwenye menyu mwenyewe, tafuta sehemu ya kuweka kiwango cha sauti kwa mkono. Unatakiwa uone mistari inayocheza sauti ikiingia. Pale unapopaza kabisa, mistari ifike karibu na -6, isiguse 0. Kama mashine haina sehemu hiyo na haina tundu la maiki, irudishe kabatini, hata iwe inang'aa vipi.

2. INA TUNDU LA MAIKI? Na tundu la hedifoni? La maiki ni muhimu, la hedifoni ni bora zaidi maana unasikia kile mashine inachosikia. Angalieni pini pia. Pini ya maiki ya simu huwa na pete tatu, pini ya maiki ya kamera huwa na pete mbili. Ukinunua maiki ya simu ukachomeka kwenye kamera, unaweza kupata ukimya mtupu au mkoromo. Waya wa kubadilisha upo na ni bei ndogo, ila ujue kabla hujatoka dukani.

3. INAREKODI DAKIKA NGAPI BILA KUKATA? Kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma zinajizima dakika 29 na sekunde 59. Nyingine zinafikia mwisho faili likigonga GB 4. Mfano Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, bado utaikuta kwenye mitumba ya kamera na picha yake ni tamu, lakini ikirekodi HD inakata karibu na dakika 12. Sasa fikiria uko kipande cha tatu cha mtihani...

4. UMEME INAKULA WAPI? Kama inachaji kwa USB na inaweza kurekodi huku imechomekwa kwenye paua benki, umepona. Tanesco wakikata, unaendelea. Kama ina betri yake ya kipekee, hakikisha unapata betri ya pili.

5. INAWEZA KUREKODI FREMU 25 AU 50 KWA SEKUNDE? Watu wengi wanalipita hili. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ndani zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukirekodi fremu 30 chini ya tyubulaiti, mistari myeusi inaweza kutembea kwenye picha kama TV ya zamani. Weka 25 au 50, na kama unaweza kuchagua kasi ya shata weka 1/50 au 1/100. Mistari inaondoka.

SASA NICHUKUE IPI?

Bei sitaweka, maana kila mzigo unaingia na bei yake na kila duka lina yake. Nawapa makundi, nyie mtapima na mfuko.

KUNDI LA KWANZA: simu uliyonayo pamoja na maiki ya nje. Hii ndiyo njia ya wengi wetu. Tafuta maiki inayochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la chaji la simu, ikiwezekana ya stereo. Halafu achana na programu ya kamera iliyokuja na simu. Kuna Open Camera ya Android, ni ya bure, inakuruhusu kuchagua sauti ya maiki ya nje na hata sauti isiyochakatwa kwa simu zinazokubali. Kuna pia Blackmagic Camera, bure vilevile, ilitoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa baadhi ya Android mwaka 2024. Hiyo inakuonyesha mistari ya sauti na unaishusha kwa mkono. Uzuri wa njia hii: picha na sauti vinakaa kwenye faili moja, hakuna wa kukuambia umebandika.

KUNDI LA PILI: simu kwa picha, rekoda ya mkononi kwa sauti. Rekoda kama Zoom H1n ya mwaka 2018 ina maiki mbili zilizopishana na inashika muziki vizuri mno. Ndugu yake H1essential ya 2024 inarekodi kwa mfumo wa biti 32 floti. Kwa lugha ya mtaani ni kwamba hata ukisahau kupanga kiwango, unaweza kushusha baadaye bila kupasuka, ilimradi maiki yenyewe haijazidiwa. Tatizo ni kuunganisha. Unapiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, halafu kwenye kompyuta unalinganisha kofi la picha na kofi la sauti. Kwa demo au kipande cha kuweka YouTube, safi kabisa. Kwa usaili usioruhusu kubandika sauti, njia hii imekufa. Soma masharti kwanza.

KUNDI LA TATU: kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki. Hizi wengi hawazijui. Zoom walianza na Q3 mwaka 2009, Sony wakaja na HDR-MV1 mwaka 2013 ambayo waliiita kabisa rekoda ya video ya muziki. Baadaye Zoom wakatoa Q2n mwaka 2016 na Q2n-4K mwaka 2019. Q2n-4K ni kadogo, inaingia mfukoni, ina maiki mbili kubwa usoni kuliko lenzi yenyewe, ina mahali pa kupanga sauti kwa mkono, tundu la maiki ya nje na la hedifoni. Udhaifu wake: lenzi ni pana sana na haivuti mbali, kwa hiyo lazima ikae karibu nawe, na gizani picha inachoka. Pia betri zake mbili za AA zinaisha upesi, tumia paua benki. Kwa mtu mwenye kazi moja tu ya usaili na maonyesho, hiki ndicho kifaa kinacholingana na jina lake. Ila kukipata ni kazi. Maduka mengi ya simu hayanacho, uliza yale yanayouza vifaa vya studio na vyombo vya muziki.

KUNDI LA NNE: kamera ya kubadilisha lenzi. Nunua kama utaifanyia na kazi nyingine, harusi, send-off na kadhalika. Kwa usaili peke yake ni kumchinja ng'ombe ukitaka supu ya kikombe kimoja. Na bila maiki ya nje bado hujafika.

Zile kamera ndogo za kuvaa kichwani za michezo, mimi nasema hapana kwa kazi hii. Nyingi zimefungwa zisiingie maji, sauti inatoka kama mtu kajifunika blanketi.

KUINGIA KARIAKOO NA KUTOKA SALAMA

Maeneo ya simu mnayajua, mtaa wa Aggrey na Likoma na mitaa inayozunguka hapo. Ukishuka tu kituoni Msimbazi, winga ameshakuona. "Bosi karibu, unatafuta nini, kamera ipo, ya Dubai hii." Winga sio adui, anatafuta riziki kama wewe, lakini kamisheni yake iko ndani ya bei yako. Kama unajua jina kamili la unachotaka, tembea mwenyewe, uliza maduka matatu kabla hujatoa hata shilingi.

Nenda asubuhi, kabla msongamano haujakolea. Sio kwa sababu ya vibaka tu, ni kwa sababu utahitaji kusikia. Beba hedifoni zako na memori kadi yako. Omba muuzaji akuruhusu kurekodi dakika mbili: ongea taratibu, kisha imba kwa nguvu, kisha piga makofi karibu na maiki. Watu watakucheka, waache. Sikiliza pale pale. Ukisikia sauti inazama na kuibuka yenyewe, ile mashine inajirekebisha. Ukisikia makofi yanakwaruza, inapasuka. Muuzaji anayekataa usijaribu mashine ameshakupa jibu.

Kama ni simu ya mtumba, bonyeza *#06# ulinganishe namba na ile ya kwenye boksi. Bongo tulishashuhudia Juni 2016 TCRA wakizima simu feki, waliokuwa na vimeo walilia. Dai risiti ya EFD na uandikiwe waranti ni ya muda gani, maana neno la mdomo "ikizingua rudi" halina muhuri.

Na sasa memori kadi. Hapa ndipo watu wanapigwa sana! Kadi feki imeandikwa GB 128 na kompyuta nayo inaonyesha GB 128, kumbe ndani kuna GB 8. Inarekodi vizuri tu mpaka zile 8 zijae, kisha inaanza kuandika hewani au juu ya vilivyotangulia. Unarudi nyumbani, nusu ya kazi haifunguki. Kuna programu ndogo ya bure ya Windows inaitwa H2testw, ilitengenezwa kwa gazeti moja la kompyuta la Ujerumani. Inajaza kadi yote kisha inasoma ilichoandika. Mwombe mwenye kafe akuruhusu uiwashe. Kadi kubwa inachukua saa kadhaa, lakini ni bora usiku mmoja wa kusubiri kuliko onyesho zima kupotea.

SIKU YA KUREKODI

Chumba ni nusu ya kifaa. Chumba kitupu chenye vigae kinarudisha sauti kama choo cha stendi. Tafuta chenye mapazia, makochi, mkeka, hata nguo zilizotundikwa ukutani. Kama unaishi mjini kati ujue ratiba ya kelele: wapiga debe, jenereta la jirani, bodaboda, adhana, matangazo ya spika. Wengi tunaishia kurekodi alfajiri au usiku baada ya saa nne. Zima feni, zima friji, weka simu kwenye hali ya ndege.

Weka mashine kwenye stendi, usimpe mtu ashike. Mwimbaji au mpiga gitaa, anza na mita moja na nusu hadi mbili. Kwaya au kundi la ngoma, rudi nyuma mita tatu au zaidi mpaka wote wasikike kwa uwiano. Sauti ya mtu mmoja ikizidi, usikimbilie menyu, msogeze mtu huyo nyuma. Rekodi sehemu ya juu kabisa ya wimbo kama jaribio, sikiliza, rekebisha, halafu ndio uanze kweli.

KUTUMA BILA KUFILISIKA KAFE

Hesabu rahisi. Full HD ya megabiti 17 kwa sekunde ni karibu MB 128 kwa dakika, kwa hiyo video ya dakika 10 ni kama GB 1.3. Ukirekodi 4K ya megabiti 100, dakika hizo hizo 10 ni GB 7.5. Sasa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde itapeleka ile ya kwanza kwa dakika kama 34. Ile ya 4K ni SAA TATU na dakika 20, umeme usikatike hata mara moja. Kwa picha ambayo jaji ataiangalia kwenye kompyuta ndogo mezani! Hapo ndipo utaona 4K inamfaidisha nani.

Usitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inaibana picha na sauti. Tuma kama dokumenti, au pakia YouTube kwa hali ya kuonekana na mwenye linki tu kama wenyewe wanaruhusu. Faili la asili libaki kwako sehemu mbili, usilifute mpaka majibu yatoke. Na usisubiri siku ya mwisho, maana siku hiyo ndiyo mtandao huchagua kulala.

Sina ugomvi na picha nzuri wadau. Lakini anayekusikiliza kule hakujui, hajawahi kukuona jukwaani, hajui mtaa wako ukikusikia unanyamaza. Anachopata ni zile dakika kumi tu. Kwa hiyo ukisimama kwenye kaunta pale Aggrey na hela yako ya kudunduliza, vaa hedifoni kwanza, kioo utakiangalia baadaye.

Nawasilisha. Mwenye uzoefu na mashine nyingine aweke hapo chini, tusaidiane.